Seva ya Wanangu Iwekwe Wapi

Kule Bweri, Musoma, pale barabara ya lami inapoachana na ile ya vumbi, kuna benchi lililokuwaga la kanisani. Lilivunjika mguu, padri akasema litolewe, vijana wakaliokota wakaliegesha kwa tofali, na tangu siku hiyo watu wanakaa juu yake wakiungama dhambi za wenzao. Kahawa ya pale ni ya Petronila, Mama Ephraim, mjane wa marehemu Bernado aliyekuwa mvuvi wa dagaa. Anaipika kwa mkaa, nyeusi, haina sukari, na karanga unamiminiwa kiganjani. Pembeni yake Nyangi anauza nyanya za mafungu; jina lake la kijiweni ni Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kwenye benchi, mkono wa kulia, anakaa mzee Wenceslaus, anaitwa Kivuko, maana alifunga kamba za kivuko pale Kisorya mpaka akastaafu, na hadi leo hakuna habari inayoingia masikioni mwake isipitie Kisorya kwanza. Mkono wa kushoto ni Alfonce, Mheshimiwa, aliyegombea uenyekiti wa mtaa akashindwa, lakini cheo akakataa kukirudisha. Jumapili hiyo, misa imekwisha na watu wameshakula, wote walikuwa wamekunja uso, kwa sababu Mama Ephraim alikuwa amepewa kazi ambayo mwenyewe hakujua iliingiaje nyumbani kwake: kuchagua seva ya gemu ikae nchi gani.

— Hebu anza upya, — alisema Mheshimiwa, akakunja nne kama yuko kikaoni. — Hiyo seva ni mtu au ni kitu?

— Ni mashine, — alisema Petronila. — Imewekwa mahali, imewashwa, na watoto wanakutana ndani yake.

— Wanakutanaje ndani ya mashine?

— We si ulikutanaga na wapiga kura ndani ya simu? — alidakia Redio. — Wakakuahidi, na siku yenyewe hawakukuona.

— Nyangi, tuko kwenye mambo ya msingi hapa.

— Na mimi nayasema ya msingi.

Isaya, mtoto wa tatu wa Petronila, alikuwa amechuchumaa karibu na pikipiki yake ya bodaboda, tairi la nyuma limetolewa, anatafuta tundu la pancha kwa maji ya sabuni. Abiria wake, mwanamume mgeni mwenye fimbo ya kuchungia, alisimama kivulini kusubiri.

— Iko hivi, mzee, — alisema Isaya bila kuinua kichwa. — Ukibonyeza "vuta", ile vuta yako haiendi kwa wenzako moja kwa moja. Inasafiri kwanza mpaka kwenye seva, halafu seva ndiyo inawatangazia wengine. Kama seva iko mbali na wewe, vuta yako inafika imechoka, wenzako wameshavuta. Wavu unalala upande wako, na dagaa wote wanarudi ziwani.

— Ziwa gani?

— La kwenye simu!

Gemu lenyewe alilitengeneza Ephraim, kifungua mimba, aliye Kanada anasomea kompyuta. Alilitengeneza kwa ajili ya wadogo zake peke yao, akaliita Karabai. Kuna mtumbwi, kuna taa, dagaa wanaifuata taa wanang'aa kama sindano, na chini yao kuna wavu wa pembe nne. Kila mtoto na pembe yake. Taa ikikonyeza, wote wanne wavute kwa pamoja, vile vile marehemu Bernado alivyokuwaga anawavutisha wakati wa likizo za shule. Ephraim anavuta akiwa Kanada. Lucy anavuta akiwa Muskati, Omani, anakolea watoto wa watu. Isaya anavuta hapa Bweri. Na Clementi, kitinda mimba, anavuta akiwa Sauzi, Afrika Kusini, alikokwenda kutafuta maisha.

Kila Jumapili saa kumi wanaingia. Petronila halichezi wala halitazami. Anakaa karibu na Isaya, simu imewekwa sauti kubwa, anasikiliza. Sauti nne ndani ya simu moja, zinagombana, zinacheka, zinaitana majina ya utotoni, kama zilivyokuwa zamani chini ya chandarua kimoja, mpaka baba yao anagonga ukuta. Wakati huo mtu akija kutaka kahawa anajihudumia mwenyewe.

Kumbe siku zote alikuwepo mmoja anayechelewa.

— Clementi, — alisema Petronila. — Tangu wameanza. Wenzake wanavuta, yeye bado. Mwanzo seva ilikuwa Ujerumani. Wakasema Ujerumani ni mbali na Sauzi, tumwonee huruma mdogo wetu. Jumapili iliyopita wakaihamishia Sauzi kwenyewe, Johanesibagi, ili naye apumue.

— Vizuri, — alisema Kivuko.

— Vizuri nini? Akachelewa zaidi. Lucy akamfokea, "Tumekuletea seva mpaka mlangoni, bado unachelewa! Unavuta umelala? Una mikono ya uji wewe!"

— Lucy ana mdomo, — alisema Redio kwa heshima ya mtu anayemtambua mwenzake.

— Clementi akasema, "Basi vueni nyie." Akatoka. Wiki nzima hashiki simu. Yule mtoto simu ya kawaida huwa hapokei, mara kazi, mara chaji. Sauti yake naipataga humo tu, kwenye dagaa za uongo. Leo asipoingia... — Petronila akainama kupuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Halafu akainuka.

— Sasa wenzake wamegombana. Lucy anataka Dubai. Ephraim anasema irudi Ujerumani. Huyu hapa anasema popote. Mwisho wamesema mama achague, mama akishataja imekwisha. Ephraim atapiga kabla ya saa kumi. Nimtajie nini mimi? Nchi zenyewe nazijuaga kwa vitenge vinavyotoka huko.

Mheshimiwa alingojea swali kama hilo maisha yake yote. Akaomba karanga, akasafisha benchi kwa kiganja.

— Hii punje ni Kanada. — Akaiweka mwisho kabisa, karibu na paja la Kivuko. — Hii Muskati. Hii Bweri. Hii Sauzi. Serikali yoyote yenye akili inaweka makao makuu katikati. Tunatafuta katikati... katikati inaangukia... hapa.

Wote wakainama kutazama. Kidole cha Mheshimiwa kilikuwa kwenye tundu la msumari.

— Hapo ni wapi? — aliuliza Petronila.

— Hapo ni... nadhani Sahara.

— Jangwani? — Redio akapiga makofi. — Nani ataiwasha? Ngamia?

— Hata hivyo katikati ni katikati!

— Alfonce, hujawahi kuvuka maji wewe, — alisema Kivuko. — Pale Kisorya, Ukerewe unaiona. Unaona mpaka moshi wa jiko la mtu, unajua leo anakaanga. Lakini kama kivuko kimeharibika, utamwona huyo mtu akipika, akila, akiosha vyombo, na wewe hujafika. Umbali haupimwi kwa macho wala kwa karanga. Unapimwa kwa njia. Ulizeni hiyo vuta inapitia wapi, inapanda nini, inashukia wapi, nani anaikatia tiketi.

— Inapita kwenye nyaya, mzee, chini ya bahari, — alisema Isaya.

— Ehe! Na huko chini ya bahari kuna foleni au hakuna?

— Itakuwepo.

— Basi. Mimi nimemaliza. — Na kweli alikuwa amemaliza, maana mkono wake ulikwenda mdomoni peke yake.

— Mzee! — Mheshimiwa akaruka. — Umekula Kanada!

— Nimekula karanga.

— Ilikuwa Kanada! Ephraim alikuwa hapo!

— Tema mtoto wa watu, — alisema Redio, na Petronila akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, cheko la puani, akampa Mheshimiwa Kanada nyingine.

— Mimi mnanidharau kwa sababu nauza nyanya, — aliendelea Redio, — lakini mashine haipendi joto. Si mnaona simu ya Isaya ikikaa juani inavyoumwa homa? Ipelekeni Kanada kwenye baridi. Huko mashine inafanya kazi haina hasira. Sasa Dubai ya huyo Lucy, kule hata mtu mwenyewe hawezi kufikiri mpaka jua lizame.

— Huko wanaweka viyoyozi, mama mdogo, — alisema Isaya.

— Basi iwekwe Ukerewe. Upepo wa ziwa ni bure.

— Ukerewe kuna kivuko, — alisema Kivuko kwa huzuni.

Mheshimiwa akasimama. Mtu akisimama kwenye benchi hilo upande wa pili unashuka, Kivuko akamwagikiwa kahawa kidogo gotini.

— Nimepata! Mnabishana nchi na nchi, ndiyo maana kuna upendeleo. Pasipompendelea mtu ni mahali pamoja tu. Mwezini!

— Mungu wangu, — alisema Redio.

— Sikilizeni kwanza! Mwezi unaonekana Bweri, unaonekana Muskati, unaonekana Sauzi, unaonekana Kanada. Wazungu walishafika. Seva ikiwekwa mwezini, hakuna mtoto wa kusema kaonewa.

— Mwezi wenyewe Kanada unafika umechelewa, — alisema Kivuko akijifuta goti. — Ukiwa huku umeshachomoza, kule bado mchana. Ephraim ataonewa.

— Basi wote wangoje mwezi!

— Na siku za giza? Hawavui?

— Siku za giza ndizo za dagaa, we Alfonce! — alisema Redio. — Mwezi ukiwepo hata huko ziwani hawavui. Umeishi Musoma au umepita tu?

Wakawa wanacheka wote, na Petronila naye, kwa sababu Bernado alikuwaga analala nyumbani siku za mwezi mpevu, na hapo ndipo watoto walipokuwa wanapata baba. Katikati ya kicheko hicho yule mgeni mwenye fimbo akasogea, akapokea kikombe, akasalimia vizuri. Alisema anaitwa Ngusa, anakwenda Butiama kuangalia ng'ombe, na asamehewe kuingilia mazungumzo ya wenyeji.

— Ingilia tu, mgeni, — alisema Petronila. — Hapa kila mtu ameingilia.

— Mimi sijui mashine, mama. Nimesikiliza tu. Hiyo seva si mliipeleka Sauzi?

— Ndiyo.

— Na huyo kijana si yuko Sauzi?

— Ndiyo.

— Sasa alichelewa kwa sababu gani?

Kivuko alifungua mdomo kusema foleni, akaufunga. Mheshimiwa akazitazama karanga zake. Ile punje ya Sauzi, Clementi na seva vyote vilikuwa juu yake. Hakukuwa na njia ya kupita, wala bahari, wala kivuko.

Isaya ndiye aliyeinuka, mikono ina povu.

— Kwenye gemu kila jina lina rangi, — alisema polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe. — Kijani uko karibu, njano uko mbali kiasi, nyekundu uko mbali sana au mtandao wako mbovu. Jumapili ile mimi nilikuwa njano. Yeye nyekundu. Mimi wa Bweri nilimtangulia mtu wa Sauzi kufika Sauzi.

— Labda huko anakokaa mtandao mbovu, — alisema Kivuko. Alisema kwa wema.

— Labda. Na ile treni inapita karibu na chumba chake, labda inavuruga.

— Treni gani? — aliuliza Redio.

— Nyuma yake kuna kelele siku zote. Anasema treni.

— Inaliaje?

Isaya akaiga. Gwa, gwa, gwa, gwa. Redio alisikiliza, na wote waliomjua walishangaa, maana uso wake haukuwa wa mtu aliyepata habari.

— Isaya, treni inakuja halafu inaondoka, — alisema kwa sauti ndogo. — Hiyo haiji wala haiondoki. Hiyo ni karasha. Ya kusagia mawe ya dhahabu. Mdogo wangu anauza mihogo machimboni Buhemba, usiku halali kwa kelele hiyo hiyo. — Akazipangua nyanya zake, akazipanga tena. — Aliwahi kuniambia kaona kijana kule, kafanana na Clementi, anabeba viroba. Nikamwambia macho yako yana kutu, Clementi wetu yuko Sauzi. Sikuwahi kuirudia habari hiyo popote, Mama Ephraim. Mimi hapa.

Petronila alikuwa amekumbuka furu.

Siku moja, kabla wenzake hawajaingia, alimuuliza Clementi amekula nini, kama mama yeyote anavyouliza. Clementi akajibu haraka, "Ugali wa muhogo na furu." Halafu kimya. Halafu, "Yaani samaki wa huku, mama, wadogo wadogo, wamefanana na furu." Na yeye Petronila akafurahi, akawatangazia watu kwamba Sauzi nako Mungu kaweka furu. Alifurahi kama mjinga. Furu! Samaki wa ziwa hili hili, wa miiba, ambaye hata Mwanza mjini wanampa paka.

Buhemba. Hapo, nyuma ya vilima vya Butiama. Kwa hasira alitaka kucheka: rozari zote zile alizosali zimetumwa Sauzi, zimewafikia watoto wa watu wengine, na wake yuko Buhemba hajapata hata moja. Halafu hasira ikaisha, akabaki na ile siku ya kuondoka. Walimchinjia beberu. Kwaya nzima ilimwimbia, padri akambariki yeye na begi lake, Mheshimiwa akatoa hotuba. Pengine alifika mpakani akarudishwa. Pengine hakuvuka hata Mwanza. Mtu aliyeimbiwa na kwaya nzima anarudi nyumbani kwa mguu upi?

— Lakini huu ni udanganyifu! — Mheshimiwa alikuwa bado amesimama. — Mimi nilitoa hotuba pale! Wananchi wana haki ya kujua!

— Wananchi gani? — alisema Kivuko. — Sisi hapa na fimbo ya mgeni?

— Nyangi, we si Redio? Tangaza!

— Leo redio haina betri, — alisema Redio. — Kaa chini, benchi linamuumiza mzee.

Mheshimiwa akakaa.

— Mama, — alisema Isaya, akilinyakua tairi, — hili tairi nalifunga sasa hivi. Saa moja tu niko Buhemba. Namleta hapa kwa masikio.

— Utaleta masikio, — alisema Petronila. — Mwenyewe atabaki huko huko.

— Sasa tumwache?

— Nani kasema tumwache? — Akamimina kahawa vikombe vyote, hata ambavyo havijaombwa, ili mikono ipate kazi. — Nisikilizeni. Mwanangu yuko Sauzi. Yuko Sauzi mpaka siku atakayosema mwenyewe kwamba hayuko. Tumeelewana?

— Yuko Sauzi, — alisema Kivuko.

— Na kuna treni, — alisema Redio.

Mheshimiwa alichelewa kidogo, lakini akafika. — Yuko Sauzi.

Ngusa naye akaitikia, ingawa hakuna aliyemtegemea.

— Sasa hilo la seva nimelielewa, — alisema Petronila. — Mlikuwa mnaniambia ni wema, kumbe wema wenyewe ndio umemuumiza. Mtu anasema yuko Sauzi, mkambebea seva mkampelekea Sauzi. Akichelewa hapo atasingizia nini? Tumemmulika mtoto kwa karabai, ajifiche wapi, ndani ya wavu? Ndiyo maana kakimbia. Si Lucy. Lucy kamfokea tangu wakiwa wadogo. Isaya, katika zile nchi Ephraim anazoweza kuiweka, iliyo karibu na hapa ni ipi?

— Nairobi, mama.

— Na Nairobi ni karibu na Buhemba pia?

— Sawa na hapa tu. Atabaki na ubovu wa mtandao wa kule machimboni, lakini njia itakuwa fupi.

— Na mtu wa Sauzi, akichelewa kufika Nairobi, ana umbali wa kusingizia?

Isaya akaanza kutabasamu, povu limemkaukia mikononi. — Anao, mama. Wa kutosha.

— Basi Nairobi.

Kivuko akainua kikombe chake kidogo, kama alivyokuwaga anainua mkono chombo kikiondoka salama.

Ephraim alipopiga, Petronila aliichukua simu akaenda nayo nyuma ya jiko, akawapa mgongo. Lakini kijiwe kizima kiliacha kutafuna.

— Nairobi? — alisema Ephraim kutoka Kanada. — Mama, Nairobi mimi nitakuwa nyekundu kabisa. Na Lucy atalalamika.

— Lucy mwache alalamike, atapata hamu ya kula. Na wewe tutakuvumilia. Wewe ndiye uliye mbali kweli.

Petronila alifikiri simu imekatika, akaitazama, ikawa bado inahesabu sekunde zake.

— Mama, — alisema Ephraim. — Mimi ndiye mwenye seva. Naona kila mmoja anaingilia kutoka wapi. Naona tangu siku ya kwanza. Wale walipong'ang'ania Sauzi, nilikosa la kusema bila kumtaja.

— Ukanirushia mimi.

— Nilijua wewe utapataja penyewe.

— Mtoto mjanja, — alisema Petronila. — Sasa waandikie wenzako hivi. Mama amechagua Nairobi kwa sababu anataka Isaya avute vizuri, amechoka kukaa karibu na mtu anayetukana simu. Halafu useme, kwa Clementi ni mbali kidogo, akichelewa tumvumilie, yuko nchi ya watu. Andika hivyo hivyo.

— Naandika.

— Na umekula?

— Huku ni asubuhi, mama.

— Asubuhi watu hawali?

Saa kumi ilipofika, tairi lilikuwa limeshafungwa zamani. Isaya alimwambia Ngusa wanaweza kwenda akitaka, gemu litasubiri.

— Ng'ombe hawaendi popote, — alisema Ngusa, akajibana kwenye benchi kati ya Kivuko na Mheshimiwa.

Simu ikawekwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa mwisho. Mtumbwi ukatokea, na maji meusi, na taa. Jina la Isaya, kijani. Jina la Ephraim, jekundu kama pilipili. Lucy akaingia njano, na kabla ya salamu akaanza: Nairobi kuna nini, nani ana shamba Nairobi, mbona Dubai hamkuitaka. Petronila alimwitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, macho yapo kwenye pembe ya nne ya wavu. Hapo palikuwa na kivuli tu cha mtu, hakina jina.

Taa ya kwenye mtumbwi ikawaka. Dagaa wakaanza kuja. Wakavuta watatu, pembe moja ikalala, dagaa wakamwagika. Lucy hakumlaumu mtu. Hakukuwa na wa kulaumu.

— Tungoje kidogo, — alisema Lucy, na sauti yake ilikuwa imepungua. — Jamani, nilimfokea sana?

— Kiasi chako, — alisema Ephraim.

Redio alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko wa aproni, akidhani hakuna anayeona. Mteja alikuja kutaka nyanya, akaonyeshwa kwa kidole zilipo.

Halafu kile kivuli kikajaa. Jina likaandikika. Clementi. Nyekundu, nyekundu, ikasita kama inaulizwa maswali, ikawa njano.

— Hodi, — alisema Clementi. Nyuma yake, gwa, gwa, gwa.

Petronila alisogeza kigoda.

— Karibu, mwanangu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Hawajambo Sauzi?

— Hawajambo, mama. Nairobi siyo mbaya. Kwangu ni mbali, lakini nitajitahidi.

— Najua ni mbali. Utavuta unavyoweza.

— Mdogo wangu, — alisema Lucy, — yale ya juzi yaishe. Leo nikikufokea nifokee na wewe.

— Sawa, dada.

Wakavuta. Clementi alichelewa kidogo, kidogo tu, wavu ukayumba, ukasimama, na dagaa wakaingia mtumbwini. Isaya akapiga kelele kama mtu aliyeona dagaa wa kweli. Kivuko akampiga Ngusa paja. Mheshimiwa akafungua mdomo, na Redio akaujaza karanga papo hapo, Kanada na Muskati kwa pamoja.

Petronila hakuona hayo. Alikuwa ameinua kichwa. Upande wa vilima vya Butiama wingu lilikuwa limekaa jeusi, limeshuka miguu mpaka chini, na upepo wake ulianza kuleta harufu ya vumbi lililolowa. Huku Bweri jua bado lilikuwa linawaka. Alilitazama lile wingu lilipo na linakokwenda, kama mke wa mvuvi anavyotazama.

— Clementi.

— Naam, mama.

— Kama umeanika nguo, zianue. Mvua inakuja kwako.

Gwa, gwa, gwa, ilisaga karasha. Kwenye simu taa ilikonyeza, na hakuna aliyevuta.

— Mama na wewe! — alicheka Lucy huko Muskati. — Mvua ya Sauzi umeionea wapi?

Isaya alikuwa ameinamisha kichwa juu ya simu, kidole hewani. Alisikika Clementi akivuta pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji ya baridi.

— Ndiyo, mama, — alisema. — Naliona wingu lenyewe. Ngoja nikaanue.

Wakasikia simu inawekwa chini, wakasikia ndala zinakimbia, mlango wa bati unagonga. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya paa lake, yakahesabika, halafu hayakuhesabika tena. Petronila alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika birika tupu, anatazama vilima. Ndala zikarudi zikikimbia.

— Nimewahi, mama, — alisema Clementi akihema. — Zote. Hakuna iliyolowa.